Nani Anagusa Nota Zangu?

Jumamosi, Machi 2

Mvua ya kwanza imetukuta ukumbini. Ule ukumbi hauna dari, ni bati tupu, kwa hiyo mvua ikipiga hata tarumbeta nne hazifui dafu. Mjomba akatusimamisha, akaangalia juu, akasema, "Hata hii nayo imeingia kabla sijaiita." Watu wakacheka.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya onyesho. Aprili 27 bendi yetu ya watu kumi na saba itapiga onyesho kubwa kuliko yote tangu Mjomba aianzishe, miaka ishirini na miwili iliyopita. Vipande tisa, jazi iliyooana na muziki wa Kilatini, zile dansi za mambo, bolero na rumba, vyote kavipanga mwenyewe. Mimi napiga tromboni ya pili. Tena mimi ndiye mtunza nota: kila karatasi ya kila mpigaji nimeinakili kwa mkono wangu, na mazoezi yakiisha nazikusanya na kuzifungia kabatini. Siku za kazi nasahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji. Yaani naishi kwa kutafuta makosa ya watu. Mama anasema ndiyo sababu tunaishi wawili tu, mimi na yeye.

Leo Mjomba katuletea mpiga konga, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja. Alimtambulisha kwa jina lake, lakini jina halikudumu, maana jamaa alikaa saa tatu bila kutoa neno. Meno, yule daktari wa meno anayetuongozea tarumbeta, akambandika jina la Kimya. Limemganda papo hapo.

Anapiga vizuri, siwezi kukataa. Ila macho yake hayatulii. Anachungulia karatasi za wenzake.

Jumatano, Machi 6

Mvua. Mazoezi mafupi. Watu walipoondoka Kimya alibaki nyuma.

Jumamosi, Machi 9

Nina hasira na nitaandika polepole.

Kipande cha nne ni ile mambo kubwa. Katikati tarumbeta zinapanda mpaka juu kabisa, na hapo ndipo watu watasimama vitini. Leo zilipopanda zikaishia njiani. Nikadhani Meno midomo imechoka. Tukarudia. Kule kule. Nikanyanyuka kwenda kuangalia karatasi yake, nikakuta mahali nilipoandika sol ya juu pameandikwa mi, nota ya chini zaidi.

Nikasema, "Mjomba, hii sikuandika mimi."

Akaniangalia usoni, kama kawaida yake siku hizi, anakukazia macho unapoongea. Akasema, "Pigeni kilichoandikwa."

"Lakini Mjomba..."

"Mwanangu, kila mtu hukosea."

Mbele ya watu kumi na sita! Mimi ambaye mwaka jana nilikamata koma moja iliyokosewa katika kitabu cha kurasa mia nane. Meno akanigeukia na lile tabasamu lake la kliniki, la kukuambia haitauma.

Nyumbani nimeiweka karatasi chini ya taa. Pale palipokuwa na sol, karatasi imeota manyoya. Mtu kafuta.

Jumapili, Machi 10

Nimelinganisha na nakala ya kwanza, iliyoandikwa kwa mkono wa Mjomba mwenyewe. Sol. Sikukosea.

Jumatano, Machi 13

Nimemwonyesha. Akasema, "Basi, tutaona," akaondoka kwenda kufunga madirisha. Mtu anaharibu kazi yake na yeye anafunga madirisha.

Jumamosi, Machi 16

Safari hii saksafoni, sehemu tatu, zote za sauti ya juu. Halafu bolero.

Bolero inaanza na piano peke yake, vijumba vinane (ndivyo tunavyoita zile nafasi kati ya mistari ya wima), taratibu, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa. Mpiga piano wetu ni mwalimu wa hesabu, tunamwita Mwalimu, mama mmoja mtaratibu asiyegombana na mtu. Leo alifungua karatasi yake, akakaa akiitazama. Vijumba vyote vinane vimekatwa kwa mstari mmoja mrefu, na juu yake kwa herufi kubwa za kuachana: KONGA IANZE.

"Sina neno," alisema Mwalimu. "Lakini angeniambia."

"Nani angekuambia?" nikauliza.

"Si kiongozi? Nani mwingine?"

Mjomba alisema hajui habari hiyo, ila kwa kuwa imeandikwa, tujaribu. Kimya akaanza. Tulipiga bolero nzima hivyo, ikawa tamu, na utamu wake ndio ulioniuma. Maana nikajiuliza swali ambalo askari yeyote angejiuliza: nani kafaidika? Kulikuwa na kipande kinachofunguliwa na piano, sasa kinafunguliwa na konga. Na anayepiga konga ni mmoja.

Jumapili, Machi 17

Nilimweleza Mama. Alikuwa anapasi, hakuacha.

"Huyo kijana umemwona wapi akiandika?"

"Sijamwona bado."

"Aa, bado." Akageuza shati. "Mimi anayenishangaza ni kaka yangu. Juzi nimempigia simu, nikamwambia njoo ule, nimepika. Ananiuliza, umefika wapi? Nimepika! Umefika wapi? Tukazungushana hapo mpaka nikakata."

"Ana mambo mengi kichwani, Mama. Onyesho."

"Na anavyopaza sauti siku hizi! Utadhani niko ng'ambo ya mto."

Tulicheka. Kisha nikarudi kwenye habari za Kimya, na Mama akasema nimeshika jambo kama kupe.

Jumatano, Machi 20

Nimebadilisha kufuli ya kabati. Funguo mbili: wangu na wa Mjomba.

Jumamosi, Machi 23

Hakuna kilichoguswa. Nimewatazama wote usoni mmoja mmoja wakati wa kugawa karatasi. Kimya alikuwa wa kwanza kuinamisha macho.

Jumatano, Machi 27

Nota zimeguswa tena. Tarumbeta ya kwanza na ya pili, rumba ya mwisho. Kufuli haina hata mkwaruzo.

Nimeuliza kazi ya Kimya. Ni fundi wa makochi. Ana nyundo, koleo, sindano za kila aina. Mtu wa namna hiyo kuchonga ufunguo ni suala la asubuhi moja.

Jumamosi, Machi 30

Mvua kubwa, wapigaji sita hawakufika. Mjomba amehamisha kiti chake cha kuongozea, kakiweka karibu kabisa na konga, begani mwa Kimya. Meno akaninong'oneza, "Mpwa umeshaporwa nafasi." Nikamwambia anyamaze. Sikupata usingizi mzuri.

Jumatano, Aprili 3

Kimya alibaki tena. Nilitoka na wenzangu, nikasimama barabarani mkabala na ukumbi, chini ya kibanda cha fundi viatu, kama robo saa. Ndani nilisikia konga, zinaanza na kukatika, zinaanza na kukatika. Kisha zikanyamaza. Mjomba alitoka peke yake, anahesabu kwa midomo kama mtu anayekariri namba ya simu. Kimya alitoka baada ya dakika kumi.

Dakika kumi peke yake na kabati langu.

Jumamosi, Aprili 6

Nimemkamata.

Mazoezi yaliisha saa kumi, mvua ikamwagika, nusu ya watu wakakwama barazani. Mimi nilijifanya nimeondoka, nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa stoo. Kabati lilikuwa wazi. Kimya kasimama mbele yake, karatasi ya Meno juu ya kiti, penseli sikioni, na mkononi kifutio. Anafuta. Niliona kwa macho yangu vipande vya kifutio vikidondoka sakafuni.

Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Nikamwita mwizi. Nikasema watu wanaingizwa nyumbani kwa heshima, wanakula jasho la mzee aliyehangaika miaka ishirini, kumbe wanachimba msingi. Nikasema na mengine ambayo sitaki kuyaona kwa mwandiko wangu. Wa barazani wakaingia wote, maji yanawatiririka. Mjomba naye akatoka kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo, taulo begani.

"Mwulizeni," nikasema. "Mwulizeni alikuwa anafanya nini!"

Meno akamwuliza. Kimya aligeuza kichwa. Alimtazama Mjomba. Si kidogo, alimtazama muda ambao mtu angeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili. Na Mjomba alikuwa anatazama viatu vyake kweli.

Hatimaye Kimya akaweka kifutio juu ya kiti. "Dada," akasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake vizuri, "hujaangalia nilichofuta."

Akabeba konga moja, akatoka nayo mvuani. Akarudi, akabeba ya pili. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia.

Nimeichukua karatasi ya Meno kama ushahidi. Iko ndani ya begi. Roho imetulia. Wiki tatu zimebaki, na sasa angalau nota ziko salama.

Jumapili, Aprili 7

Nimelala kama mtoto.

Jumatano, Aprili 10

Mazoezi ya kwanza bila konga. Mpiga ngoma wetu alijitahidi kujaza pengo. Mjomba aliingiza saksafoni kwa kuchelewa mara mbili. Kwenye mambo alitupita kabisa, mkono wake uko mbele, sisi tuko nyuma. Akarusha chini kijiti chake cha kuongozea.

"Nani anaweza kusikia kitu na mvua hii!"

Tukaangaliana. Mvua ilikuwa imekatika tangu adhuhuri.

Alhamisi, Aprili 11

Naandika haya kazini, nyuma ya prufu ya kalenda.

Mchana nilifungua begi kutafuta chanuo, nikaitoa ile karatasi ya Meno. Tangu Jumamosi sikuwa nimeiangalia. Nilimwona anafuta, imetosha, niangalie nini tena? Leo nikaitazama kama ninavyotazama prufu ya mtu nisiyemjua.

Kilichofutwa ni mi. Bado inaonekana, kivuli chake kiko chini. Juu yake, kwa penseli nyepesi na safi, kimeandikwa sol.

Alikuwa anarudisha.

Nilikaa na ile karatasi mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepata habari za msiba. Nikamwambia hapana. Kisha nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika funguo ni mbili. Wangu. Wa Mjomba. Chini yake nikaandika, bila kujua naandika kwa nini: nimepika, umefika. Nikavisoma vyote pamoja.

Sauti zilizoshushwa zote ni za juu. Kilichokatwa ni piano inayopigwa taratibu. Kilichowekwa badala yake ni ngoma.

Sitaki iwe hivyo. Nimewahi kutamani mtu awe na hatia, leo natamani asiwe nayo.

Jumamosi, Aprili 13

Nilifika saa moja kabla ya wenzangu. Mjomba alikuwa anapanga viti, amenipa mgongo. Nikasimama hatua nne nyuma yake nikasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo, Mjomba."

Akaendelea kupanga.

"Mjomba, ukumbi unaungua moto."

Akavuta kiti kingine.

Nikazunguka mbele yake. Akashtuka, kisha akacheka. "Ah, mwanangu! Umeingia kama paka."

"Nimekuamkia mara mbili," nikasema.

Alitazama midomo yangu, kisha macho yangu, na nadhani aliona kwamba hakuna tena pa kwenda. Akakaa kwenye kimoja cha vile viti. Nikavuta changu, nikakaa uso kwa uso.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa. Kwanza ndege. Asubuhi moja nikajiuliza ndege wamehamia wapi." Akasugua magoti. "Halafu tarumbeta. Zile za juu hazikupotea, afadhali zingepotea. Zinakuja zimepinda. Zinakwaruza. Nikisikia ile sol naisikia kama bati linalochanwa. Nikajua ni masikio, si nota. Baadaye sikuwa na hakika. Baadaye tena nikawa na hakika kwamba ni nota."

"Ungesema."

"Niseme nini? Kiongozi wa bendi kiziwi? Kuna kichekesho kizuri kuliko hicho?"

"Na zile herufi kubwa? Konga ianze?"

"Mwandiko wangu unaujua. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma."

Yaani alikaa akafikiri. Akabadilisha mkono wake ili mimi nisimjue. Nikaona kitu fulani kikihama ndani yangu, kama kabati zito linaposukumwa na kuacha alama sakafuni.

"Kimya alijua?"

"Aligundua siku ya pili. Aliona naweka kiganja kwenye ngoma yake ili nipate mapigo. Nikamwomba asiseme. Akawa anabaki, tunafanya mazoezi ya kuhesabu. Kumbe na yeye alikuwa ananifuata nyuma, anasahihisha, kwa ufunguo ninaouacha kwenye koti langu. Hilo sikulijua mpaka siku ile."

"Siku ile nilipomwita mwizi."

"Ndiyo."

"Ulinisikia?"

Ningempa nafasi aseme hapana. Ingekuwa rahisi, masikio yangemtetea. Lakini Mjomba, kwa uzuri wake au kwa uchovu tu, akasema, "Siku ile mwanangu ulipiga kelele mpaka nikasikia kila neno."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Watu wakaanza kuingia. Tulifanya mazoezi. Sijui tulipiga nini.

Sikumwambia Mama. Usiku kucha nilimwaza Mjomba niliyemjua: aliyenipa tromboni mkono wangu ukiwa bado haufiki mwisho wa kile chuma cha kuteleza, aliyemfokea mwalimu wangu kwa kunionea. Nimejaribu kumweka mtu huyo na yule wa viatu ndani ya koti moja. Hawaenei.

Jumapili, Aprili 14

Karakana ya Kimya iko nyuma ya soko la mbao. Nimemkuta kapiga magoti mbele ya kochi lililochunwa, spring zote nje, misumari midogo kaishika kwa midomo. Alinitazama, akaendelea kupigilia. Nilingoja misumari iishe mdomoni.

"Nimeangalia ulichofuta," nikasema.

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

"Nisamehe. Nilikukosea mbele ya watu, na nitakuomba radhi mbele ya watu. Nimezungumza na Mjomba. Najua yote."

"Mzee mwenyewe anasemaje?"

"Hajasema kitu bado."

"Basi hujaja na kitu, dada," akasema, bila ukali. "Uliyoyasema wewe ni ya mtu asiyejua. Yeye alikuwa anajua."

Akachukua misumari mingine, akaijaza mdomoni. Nikaelewa maongezi yameisha.

Jumatano, Aprili 17

Niliomba radhi mbele ya bendi. Nilisema Kimya hakuharibu nota, alikuwa anazirekebisha, na mimi nilimsingizia. Meno akauliza, "Sasa aliyeharibu nani?" Nikasema sijui. Ndiyo, nimedanganya. Niliongea nikimtazama Mjomba, nikampa muda. Alikuwa anapekua karatasi.

Sasa wananishuku mimi. Nimemsikia mpiga besi akisema labda nilikuwa natafuta sifa ya kukamata makosa niliyoyapanda mwenyewe. Kumbe ndivyo inavyokuwa ukiwa upande huu.

Jumamosi, Aprili 20

Mvua siku nzima. Tumepiga vibaya.

Jumatatu, Aprili 22

Nimerudisha nota zote kama zilivyokuwa. Karatasi sitini na nne, jioni mbili. Na vile vijumba vinane vya piano. Mjomba nilimwambia kwa kumtazama usoni, "Nimerudisha." Akasema, "Sawa." Ufunguo wake amenikabidhi bila kuombwa.

Jumatano, Aprili 24

Kimya amekuja. Kaingia na konga zake kama mtu aliyetoka kunywa maji. Hakuna aliyeuliza. Mjomba alimsogezea kiti. Kuna jambo limepita kati yao, na kwa tabia yangu nimejaribu kulinusa, nimeshindwa.

Jumapili, Aprili 28

Nimeamka saa nne, midomo imevimba. Niandike ya jana kabla sijasahau.

Ukumbi ulijaa saa tisa na nusu, watu mia nne na zaidi, miavuli imerundikwa mlangoni kama kuni. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu, bati likawa linanong'ona. Mama alikaa safu ya pili na gauni lake la kijani. Saa kumi kamili Mjomba akapanda, suti nyeusi, akainama, na bila kupoteza muda akatuingiza.

Vipande vitatu vya kwanza vilikwenda kama maji. Kimya alikuwa kushoto kwake kabisa, karibu wagusane, na nikiwa kitini kwangu niliona mchezo wao wote: bega la Kimya linashuka kidogo, mkono wa Mjomba unaanguka. Bega, mkono. Asiyejua angedhani mzee ndiye anayeita na ngoma inaitika.

Kisha mambo. Kasi ile, watu wameshaanza kupiga makofi, na makofi ndiyo yaliyotuponza. Watu mia nne wakipiga makofi sakafu nzima inatetemeka, na Mjomba alikuwa anasikiliza kwa miguu. Akapoteza mahali. Kijumba kimoja kabla ya wakati, mkono wake ukanyanyuka kuita tarumbeta.

Meno aliuona mkono akapuliza. Tarumbeta mbili zikamfuata. Ya nne ikabaki, saksafoni zikabaki, mimi nikabaki na pumzi imejaa kifuani sijui niitolee wapi. Kwa muda wa kupepesa jicho tulikuwa bendi mbili ndani ya ukumbi mmoja. Nikaona mpiga besi akifumba macho.

Kimya akaacha alichokuwa anapiga. Akatandika ngoma pigo moja, wazi, kama mlango unaobamizwa na upepo, na baada ya hapo hakuwa tena pale tulipokuwa sisi. Alikuwa kule kwa Mjomba. Aliruka kijumba kizima, akaenda kumkuta mzee alipopotelea, akaanza kupiga kutokea hapo kana kwamba ndipo palipoandikwa. Besi ikamfuata. Mwalimu akafuata. Tromboni tukaruka. Zile sol tatu za juu zikafika mahali pake, safi, na watu wakasimama vitini wakipiga mayowe. Walidhani tumepanga hivyo.

Mjomba hakudhani. Alikuwa ameona nyuso zetu.

Baada ya mapumziko alirudi jukwaani bila kijiti, akachukua kipaza sauti. Alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejisikia.

"Jamani, mimi siwasikii vizuri. Si nyinyi, ni masikio yangu, yamekufa upande wa juu. Nimewaficha wenzangu mwaka mzima. Nimefuta nota zao kwa siri, nikawaacha wagombane. Na huyu hapa," akamshika Kimya bega, "aliitwa mwizi kwa kosa langu, mimi nikiwa nimesimama pale pale na taulo begani. Mpwa wangu ameomba radhi kwa lililo langu. Sasa naomba mimi."

Kimya alitazama ngozi za konga zake, kisha akanyanyuka, akampisha Mjomba ashuke kwa ngazi za upande wake, kwa kumshika kiwiko. Hakumkumbatia. Alimshika tu kiwiko asianguke.

Mjomba akaenda kukaa karibu na Mama. Nusu ya pili tuliongozwa na kichwa cha Mwalimu kwenye piano na mikono ya Kimya. Bolero ilianza na piano peke yake, vijumba vinane, taratibu. Mjomba alikuwa hapati hata sauti moja, nina hakika. Lakini niliona Mama kaweka kidole juu ya mkono wake, anamgongea. Mama hajui muziki. Alikuwa anamgongea vibaya kabisa, na Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kumkubalia.

Tulipokuwa tunakunja stendi za nota nilimwendea Kimya. Nikamwuliza ni nani aliyemrudisha.

"Mzee alikuja karakana. Akaniambia atasema. Sikumwamini, nikaja kuona."

"Na mimi?"

Akafunga kamba ya mfuko wa ngoma. "Samahani yako nimeipokea, dada. Kukuamini ndiyo bado."

Nikamwambia ni haki yake.

Ijumaa, Mei 3

Jua. Mama kaanika magodoro yote.

Jumanne, Mei 7

Leo nimempeleka Mjomba hospitali kupimwa. Amekubali baada ya wiki nzima ya kusema anangoja mvua ziishe, nami nikamwonyesha mbingu.

Walimwingiza katika kichumba chenye dirisha la kioo, wakamvisha vile vya masikioni, wakampa kitufe. Muuguzi, binti mchangamfu, alikaa upande wetu mbele ya mashine. Akamwelekeza kwa ishara: ukisikia mlio, bonyeza. Mimi nikakaa nyuma yake.

Alianza na milio mizito. Mjomba akabonyeza. Muuguzi akapanda juu kidogo, Mjomba akabonyeza. Juu zaidi. Akabonyeza, tena kwa wakati, bila kukosea hata mmoja. Muuguzi akanigeukia. "Mbona mzee anasikia vizuri? Masikio ya kijana haya!"

Kwa nukta chache nilifurahi. Nilifurahi sana, kwa kweli, nikaanza kutafuta maelezo: labda ilikuwa nta, labda baridi ya mvua. Kisha nikamtazama Mjomba kupitia kioo. Hakuwa anautazama uso wa muuguzi, wala ukuta. Macho yake yalikuwa yametua juu ya kifundo cha mkono wa yule binti, pale kinapojikunja kabla ya kidole kushuka. Miaka arobaini ya kuangalia mikono ya wapigaji.

Ningeweza kunyamaza. Angetoka na cheti chake, tungerudi nyumbani, angefurahi.

"Dada, samahani," nikamwambia muuguzi. "Anakuangalia mkono. Mgeuzie kiti."

Mjomba akayasoma maneno midomoni mwangu. Alinikazia macho, nikamkazia yangu. Mdomo wake ukacheza, sijui kwa hasira au kwa kutaka kucheka. Kisha akanyanyuka mwenyewe kabla hajafuatwa, akakigeuza kiti, akakaa akitazama ukuta.

Muuguzi akaanza upya. Taa ndogo ya mashine, inayowaka kila mlio unapotoka, ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Nikaona mgongo wa Mjomba umenyooka, na kidole chake juu ya kitufe, tayari, kama mpigaji anayengoja kuingizwa. Taa ikawaka tena. Kidole hakikushuka.